Kwa nini riwaya yangu siitoi kwa vipande: maisha ya mwandishi chipukizi hapa Tanga

Kaunta Buku (mleta uzi)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za Jumapili.

Kila nikiandika humu maoni kuhusu riwaya niliyoimaliza, napokea ujumbe ule ule: "Dada, na yako tutaisoma lini? Tupia hata sehemu ya kwanza tu." Nimeona nijibu wote kwa pamoja na kwa kirefu, kwa sababu jibu lenyewe limo ndani ya namna ninavyoishi, na ningependa tulijadili bila kurushiana vijembe.

Jibu ni hili: sitoi vipande. Riwaya yangu itatoka ikiwa imekwisha, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, imesomwa na kurekebishwa. Isipokwisha, itakaa kwenye daftari.

Mimi ni binti wa Makorora, nakaa na bibi mzaa mama. Nimeajiriwa steshenari moja Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba. Kazi ni kuchapa, kutoa kopi, kuskani, kulamineti vyeti, kupiga picha za pasipoti na kuwajazia watu maombi ya kazi mtandaoni. Wengi wanaiona ni kazi ya kupitishia muda wakati mtu anasubiri ajira. Mimi naiheshimu sana, maana sijui mahali pengine ambapo ningekaa kutwa nikisikiliza watu wakitafuta maneno ya mambo mazito ya maisha yao: barua ya kuomba ruhusa ya msiba, mkataba wa kuuziana kiwanja cha Mikanjuni, malalamiko kwa mwenyekiti wa mtaa kuhusu mtaro.

Karibuni hivi alikuja mzee mmoja, kanzu safi, kofia mkononi, anataka barua ya kujibu posa. Hakuwa na karatasi, barua ilikuwa kichwani. Akavuta kiti akakaa ubavuni kwangu.

"Andika, mwanangu: Barua yenu tumeipokea, na aliyeileta tumempokea."

Nikaandika. Akanyamaza kidogo.

"Umeandika tumekubali?"

"Bado, mzee. Hujanitajia."

"Usiandike. Andika: Binti ni wetu sote, tunaomba nafasi tuulizane na wajomba zake."

Nikaandika. Akainamia skrini, akasoma polepole huku midomo ikicheza, akasema hapo patosha, tia tarehe. Mistari mitatu. Nikamuuliza kama haongezi salamu za mwisho, akasema salamu wataletewa kwa mdomo, na yule atakayezipeleka ndiye atakayewaambia lililobaki.

Nimewahadithia hili kwa sababu mzee yule alijua barua yake inaishia wapi kabla hajafungua kinywa. Kila neno aliloacha, aliliacha kwa sababu ya lile la mwisho. Nikasema moyoni, hivi ndivyo ninavyotaka kuandika.

Siku yangu inaanza baada ya swala ya alfajiri. Bibi anabaki kwenye mkeka na uradi wake, mimi nakaa mezani na kaunta buku ya kwaya tatu na kalamu ya bluu. Simu naiacha chumbani. Sichapi moja kwa moja kwenye kompyuta, kwanza sina yangu, pili mkono unakwenda taratibu na sentensi mbovu naiona kabla haijaisha. Naandika mpaka jua likishika ukuta wa jirani, halafu chai, baiskeli, kazini. Mchana joto likipanda na wateja wakipungua, nasoma. Bosi wangu, Mungu ampe umri, hana neno ilimradi foleni haipo. Jioni nikirudi napita taratibu penye baraza la kahawa, wazee wakiwa na bao lao, nasikiliza namna wanavyokatizana. Mazungumzo ya kwenye riwaya zetu nyingi yana kasoro hiyo: kila mhusika anasubiri mwenzake amalize, kama wanasoma taarifa ya habari kwa zamu.

Jumamosi napitia maktaba ya mkoa, ile iliyojengwa enzi za Mwingereza kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Sita. Meza zimejaa wanafunzi wenye madaftari yao ya mitihani. Kwenye rafu za riwaya mara nyingi nakuwa peke yangu, na hilo linaniuma, maana zipo riwaya za Kiswahili mle ambazo mtaani huzipati hata kwa dawa.

Jinsi ninavyosoma: riwaya ikinikamata, naisoma mara ya kwanza kwa raha zangu. Halafu naianza tena nikiwa na penseli na karatasi pembeni. Safari hii siulizi nini kinafuata, najua tayari. Nauliza mwandishi alikitaja wapi kwa mara ya kwanza kile kitu kilichokuja kunitoa machozi mwishoni. Fanyeni hivyo mtashangaa. Kovu lililotajwa kwa kupita tu kwenye sura ya pili, wimbo ambao mama alikuwa akiuimba akichambua mchele, mlango ambao haukuwahi kufungwa vizuri. Ukisoma kwa haraka unaona vimejiweka vyenyewe. Havikujiweka. Mwandishi alifika mwisho, akaona nini kinahitajika, akarudi nyuma akaviweka.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu na vipande. Ukishatupia sehemu ya tatu kwenye grupu la WhatsApp na watu mia nne wameisoma, huwezi kurudi kuigusa. Na kwa kuwa kila sehemu lazima imwache msomaji na arosto ili kesho arudi, kila sehemu inaishia kwenye bunduki, kwenye simu inayoita, kwenye mlango unaogongwa. Mnajua wenyewe. Ukizisoma zote mfululizo unachoka, kwa sababu hadithi haina pahala pa kupumua.

Sasa niseme habari ya riwaya yenyewe, angalau kidogo. Inatokea kwenye kambi ya mkonge upande wa Muheza, miaka ya 1960. Bibi alizaliwa kambini, baba yake alikuja kama manamba, kibarua wa mkataba, kutoka Songea. Nimesoma nilichoweza kuhusu zao lenyewe: kwamba Mjerumani Richard Hindorf alileta miche mwaka 1893, ikasafirishwa 1,000 na iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe kule Pangani. Hiyo 62 imenipa mhusika mzima. Ni mnyapara mzee anayewaambia watoto wa kambini kwamba mkonge wote wanaouona mpaka upeo wa macho ni wajukuu wa miche 62, na watoto hawamwamini.

Lakini vitabu havikunipa lile ambalo bibi alinipa. Usiku baada ya isha huwa namsomea nilichoandika alfajiri. Bibi anasoma msahafu vizuri, herufi za shuleni hazijui, kwa hiyo kwake riwaya ni ya kusikia. Nilikuwa namsomea sehemu ambapo baba anarudi kutoka kukata mkonge, binti yake mdogo anamkimbilia, anambeba. Bibi akanizuia.

"Hakumbeba."

"Kwa nini, bibi?"

"Baba alikuwa akirudi anatusimamisha kule mbali. 'Msinisogelee kwanza!' Yale maji ya mkonge yanawasha, mjukuu wangu. Yakimpata mtoto, usiku hapalaliki. Mpaka aoge, avae shuka safi, ndiyo anaita mmoja mmoja."

Usiku ule ule nikajua sura yangu ya mwisho. Baba anarudi na habari kwamba kambi inafungwa, anamkumbatia binti yake kabla hajaoga. Basi. Hakuna anayekufa, hakuna bunduki. Ila ili mkumbatio ule umkate msomaji, lazima huko nyuma awe ameshamwona baba akimzuia mtoto mara kadhaa, kila mara kwa namna yake: mara kwa ukali, mara kwa kucheka, mara akiwa mgonjwa hana hata sauti ya kusema. Nikarudi kwenye sura ya pili, nikarudi kwenye ya tano, nikaandika upya. Kama sura hizo zingekuwa zimeshatoka, sura yangu ya mwisho ingekuwa imepotea.

Na sisi wa Tanga tuna mfano wa nyumbani. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapo Machui, mwaka 1909, alikuwa karani wa serikali: Forodha kwanza, halafu Idara ya Wanyama, halafu ofisi ya wilaya na ya upimaji ardhi hapa hapa mjini. Aliandika nje ya saa za kazi. Kufikirika aliiandika mwaka 1946, ikachapishwa 1967, miaka mitano baada ya yeye kufariki. Mswada umekaa miaka 21! Ulipofunguliwa ulikuwa mzima, ndiyo maana unasomwa mpaka leo. Nikiipita ile barabara ya kwenda Machui nawaza karani yule akitoka ofisini jioni na kwenda kukaa mezani tena.

Naomba kuwasilisha. Wanaotoa simulizi kwa vipande karibuni sana, nataka kuwasikia.

Fundi Simu

Nimeweka kambi. Ila dada umetutobolea mwisho wa riwaya kabla hatujaisoma!

Kaunta Buku

Fundi, nimefanya kwa makusudi. Riwaya ambayo ukijua mwisho wake huitaki tena, haikuwa na kitu zaidi ya huo mwisho. Nakuahidi ukifika pale utaumia vile vile.

Msimulizi wa Usiku

Habari dada. Mimi ndiye hao unaowasema, kwa hiyo naomba nijieleze, na nakuja kwa heshima.

Nipo Pongwe. Mchana naendesha bodaboda, usiku saa tatu natupia sehemu kwenye magrupu yangu. Sehemu za mwanzo bure, anayetaka mwendelezo wote analipa shilingi 1,000 kwa simu naye namuunga. Hiyo pesa imemnunulia mdogo wangu sare na daftari za kidato cha kwanza. Wewe unasema subiri mpaka iishe. Sawa, na ikiisha nani anainunua? Mchapishaji yupi anampokea mtu asiyejulikana? Wenzetu wengi miswada yao imeliwa na mchwa.

La pili, vipande vinanifundisha nidhamu. Nikiwa sijisikii, watu mia tatu wananiuliza "mkuu vipi leo?" Nakaa naandika. Bila wao nisingemaliza hata simulizi moja, nawajua waandishi wengi wazuri kuliko mimi ambao kila siku wanaanza sura ya kwanza.

La tatu, hii siyo tabia ya juzi na simu. Waingereza wanajisifia Charles Dickens, na yeye Pickwick Papers alianza kuitoa mwaka 1836 kwa vijitabu vya kila mwezi. Watu walikuwa wanasubiri mwendelezo kama wanavyosubiri wangu. Leo anafundishwa vyuo vikuu. Kwa hiyo vipande peke yake siyo ugonjwa.

Msomaji wa Chumbageni

Msimulizi kaongea. Mimi ni mnunuzi wa simulizi zake na nasema hadharani: kwenye daladala, kwenye foleni ya hospitali, kwenye mgomo wa usingizi, zile sehemu zimenisaidia. Tusiwadharau wanaotufanya tusome. Kabla ya simu nilikuwa sijamaliza kitabu tangu shule.

Kaunta Buku

Kaka Msimulizi, ahsante, na hongera kwa huyo mdogo wako. Kwanza niondoe dhana: siwadharau. Wasomaji mlionao ninyi ndio wasomaji wengi wa Kiswahili waliopo leo, na mmewatafuta wenyewe bila msaada wa mtu. Msomaji wa Chumbageni, neno lako nimelipokea.

Kuhusu Dickens, tazama neno moja ulilolitaja mwenyewe: kila mwezi. Mwezi mzima kati ya kijitabu na kijitabu. Wewe wasomaji wako wanakupa saa ishirini na nne, na kumi kati ya hizo uko juu ya pikipiki. Ungepewa mwezi kwa kila sehemu, nadhani ungeandika kitu kingine kabisa, na nakuambia hivi kwa sababu nimekusoma. Ile simulizi yako ya nahodha wa jahazi, sehemu za mwanzo pale Deep Sea, mnada wa samaki alfajiri, dalali anavyoinua changu kwa mkia na kutaja bei huku akimtazama mtu mwingine kabisa! Nilizisoma mara mbili. Halafu kuanzia katikati yule dalali amepotea, hakurudi tena. Nilimsubiri mpaka mwisho. Ulikuwa na mhusika mzito mkononi, na ratiba ikakunyang'anya.

Kuhusu nidhamu nakubaliana na wewe moja kwa moja. Mtu anahitaji wa kumuuliza "vipi leo?" Mimi anayeniuliza ni bibi. Nisipokuwa na cha kumsomea, ananiambia leo umenilaza na njaa. Kwa hiyo siyo kwamba naandika peke yangu gizani. Ninachokikataa ni kumpa msomaji kitu ambacho sitaweza kukigusa tena.

Msimulizi wa Usiku

Dalali. Kweli. Wewe ni mtu wa kwanza kumuulizia.

Mzee wa Reli

Asalaam alaikum vijana wangu.

Nimestaafu, naishi Korogwe, na utoto wangu ni wa kambi za mkonge kama bibi yake huyu binti. Mwanangu, nimesoma ulichoandika juu ya baba kusimamisha watoto mbali, nikaweka simu chini. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Msalimie bibi yako, mwambie kuna mzee Korogwe anamwamkia.

Naomba nikuongezee vitu, utaona mwenyewe vinavyokufaa. Usisahau harufu. Mashine ya korona ikichakata majani, maji yake yanatiririka nje na yananuka vibaya, na upepo ukigeuka kambi nzima inanuka, nguo zilizoanikwa zinanuka, hata ugali unauonja umo. Mgeni anaziba pua, sisi tulikuwa hatusikii tena. Kwa hiyo kama una mhusika anayerudi kambini baada ya kusoma mbali, siku ya kwanza atasikia harufu aliyokuwa haijui ingawa kakulia humo.

Halafu singa, zile nyuzi za mkonge. Zinaanikwa kwenye waya, safu kwa safu, nyeupe, jua likizipiga huwezi kutazama. Tulikuwa tunakimbia katikati yake na tukikamatwa tunachapwa, maana singa ikichafuka inashushwa daraja. Zikikauka zinapigwa brashi, zinashindiliwa marobota ya kilo 250. Wanaume wa kushindilia marobota walikuwa wanatembea kwa namna yao, mabega mbele. Mwandike mmoja.

Kuhusu kambi kufungwa, uwe mwangalifu na mwaka. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha mkonge tani 230,000 hivi, ndiyo kilele, hatujafika tena pale. Kilichotuangusha ni kamba za nailoni na za plastiki, bei ya dunia ikaporomoka. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, mashamba mengi yakataifishwa. Sasa baba yako wa kwenye riwaya akija na habari ya kufungwa kambi mwaka 1963, wazee watakukatalia. Akija nayo mwishoni mwa miaka ya sitini, tutalia naye.

Kaunta Buku

Shikamoo mzee wangu. Nimemsomea bibi ujumbe wako wote, amekaa kimya halafu ameuliza kambi gani. Amenituma nikuulize pia kama mnakumbuka karani aliyekuwa akigonga kile kipande cha reli alfajiri, na kama kwenu nako kilining'inizwa kwenye mwembe.

Mwaka wangu ni 1968, kwa hiyo naona niko salama, lakini sikuwa na harufu hata kidogo katika riwaya nzima. Bibi naye hakuwahi kuitaja, kwa sababu ile uliyoisema: alikuwa haisikii. Ninaye mhusika anayerudi kutoka shule ya bweni. Kesho alfajiri naanza naye.

Ona jambo hili, kaka Msimulizi, nakuomba. Mzee kanipa leo kitu cha kuingia sura ya nne, wakati mimi niko sura ya kumi na moja. Kwa kuwa bado iko kwenye daftari, kitaingia.

Mzee wa Reli

Marahaba mwanangu. Kwetu kilikuwa kwenye mkwaju. Mwambie hivyo, atajua ni wapi.

Mwalimu wa Muheza

Uzi mzuri. Mimi nafundisha Kiswahili sekondari, niongeze mambo ya vitendo kwa sababu naona swali la Msimulizi, nani atainunua, halijajibiwa.

Siku hizi mswada uliokamilika una milango ambayo zamani haikuwepo. Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inaratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, imeanza kutolewa mwaka 2023, na riwaya ni moja ya nyanja zake tangu mwanzo. Ipo Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 ikijulikana kama Mabati-Cornell, nayo inapokea miswada ambayo haijachapishwa. Zote hizi huwezi kuingia na sehemu ya saba. Wanataka kazi nzima. Na someni masharti ya mwaka husika kabla ya kutupia lolote mtandaoni, ili msije mkajifungia mlango wenyewe. Mashindano yameshawahi kutufaa: Mzimu wa Watu wa Kale, ya Muhammed Said Abdulla wa Unguja, ilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950, ikatoka kitabu mwaka 1960, na ndiyo tuliyompatia Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya zake.

La hakimiliki nalo tulielewe. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, kazi ni yako tangu ulipoiandika, iwe kwenye daftari au simu, na ulinzi unaendelea maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi siku mtu akiibeba. Ukitaka kuchapisha mwenyewe, namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Wanangu wa simulizi za WhatsApp, majina yenu yanafutwa juu ya hadithi kila siku na mnaona. Sajilini.

Fundi Simu

Mwalimu hapo kwenye kufutwa majina umegusa. Nimeshakuta simulizi ya jirani yangu imesomwa YouTube na sauti ya mtu mwingine, jina hakuna.

Msimulizi wa Usiku

Zangu mbili ziko huko. Nilishamwandikia yule mtu, hajajibu.

Nimesoma yote haya nikiwa kijiweni. Niseme ukweli wangu: vipande naendelea navyo. Saa tatu usiku watu wananisubiri na mimi nawahitaji, na wao wananihitaji. Ila yule dalali hajanitoka kichwani tangu asubuhi. Namwandikia yake peke yake, pembeni, nami sitaitaja kwenye grupu. Mwalimu, hizo tuzo zinataka mswada uliochapwa kwa kompyuta au wa mkono unapokelewa? Mimi nina simu tu.

Mwalimu wa Muheza

Uliochapwa. Andika hata kwa mkono, ukimaliza nenda kwa dada wa steshenari.

Kaunta Buku

Njoo kaka, kweli kabisa. Bei ya kuchapa tutaongea na bosi, na dalali nitamchapa kwa mikono yangu miwili.

Sasa nami nina ombi kwenu wote. Rasimu yangu inakaribia kwisha, na kabla sijairudia nataka watu watatu waisome nzima, kwenye karatasi. Nitatoa kopi tatu. Nisiyemtaka ni wa kuniambia "hongera dada, kali sana". Namtaka wa kuandika pembeni ya ukurasa: hapa nilichoka, hapa sikuamini, huyu mtu kaenda wapi. Mmoja awe aliyeishi kambini, mmoja awe hajawahi kuuona mkonge, mmoja awe msomaji wa simulizi za kwenye simu. Mzee wa Reli, wa kwanza ni wewe kama macho yanaruhusu.

Mzee wa Reli

Macho yapo, miwani ipo. Chapa kwa herufi kubwa kidogo.

Msomaji wa Chumbageni

Nafasi ya simulizi za simu ni yangu, naomba isichukuliwe na mtu! Nitakuja kuichukua mwenyewe Ngamiani.

Msomaji Kimya

Dada, huwa sichangii, nasoma tu. Mimi ni wa Ukerewe, nimehamia Pangani kikazi, mkonge nimeuona kupitia dirisha la basi tu nikadhani ni mananasi makubwa. Nafaa?

Kaunta Buku

Unafaa kabisa, nafasi ya tatu ni yako. Nitaifunga kwenye bahasha ya kaki na kumpa kondakta wa gari la Pangani. Nitumie inbox jina la kuandika juu ya bahasha na siku ambayo utakuwepo stendi kuipokea. Mzee wangu, yako nitaituma Korogwe kwa herufi namba 14, kurasa zitakuwa nyingi, usiogope uzito. Wote watatu, penseli tafadhali, siyo kalamu.